Filimbi ya Chaneli ya Tatu

Chumba kilikuwa kimoja na mafundi wawili. Mama alikaa upande wa mlango na cherehani yake, kwa sababu nguo inataka mwanga. Binti yake alikaa upande wa ukuta na kompyuta, spika mbili na kinanda kifupi chenye vibonye vilivyopauka, kwa sababu muziki hautaki mwanga, unataka umeme tu. Mteja akisimama mlangoni na kuita "Fundi!", wote wawili walikuwa wanageuka kwa pamoja, halafu wanacheka, halafu mama anauliza, "Unataka wa suruali au wa nyimbo?"

Hayo yalikuwa ya zamani. Siku hizi mtu akiita "Fundi!", alikuwa anageuka mmoja tu.

Mama aliliona hilo kabla hajataka kuliona. Yeye ni mtu wa kuangalia. Shule aliishia darasa la tano, lakini mteja akiingia tu, kabla hajavua viatu, tayari amejua bega lipi limeshuka na kiuno kimeongezeka inchi ngapi tangu mwaka jana. Mtoto wake wa pekee ndiyo kabisa, alimsoma kama mtu anavyosoma mkono wake mwenyewe. Aliona anavyoanza kuangalia midomo ya watu wanapozungumza. Aliona anavyosema "ehe, ehe" mahali ambapo hapakuwa na cha kukubali. Siku moja alimwambia, "Mwanangu, sufuria linaungua," naye binti akajibu, "Ndiyo mama, kesho."

Na aliona glasi ya maji. Glasi ile ilikaa kila siku kwenye meza ya kompyuta, kwenye kona, mbali na nyaya. Miaka mitatu nyuma wimbo ukipigwa, maji yalitulia kama yamelala. Mwaka jana yakaanza kutikisika kidogo. Mwaka huu, kila wimbo, yalikuwa yanaruka ruka kama yanachemka. Muziki wa binti ulikuwa unashuka. Kila mwezi unashuka kidogo zaidi, unakuwa mzito, unakuwa mngurumo, mpaka mama akishona alikuwa anausikia kwenye kanyagio la cherehani kabla haujafika masikioni.

"Mbona nyimbo zako siku hizi zinanguruma hivi?" aliwahi kuuliza, kwa sauti ya utani.

"Ni spika, mama. Zimechoka."

"Spika zinachoka kwa kushuka tu? Hazichoki kwa kupanda?"

"Mama, wewe shona."

Basi akashona. Lakini tangu siku hiyo moyo wake haukukaa mahali pake. Kwa maana jambo hili alikuwa amelionja. Bibi wa yule binti, mama wa marehemu mume wake, alianza hivyo hivyo. Alikuwa na miaka thelathini tu masikio yalipoanza kumtoka, na mama alipoolewa katika nyumba ile alimkuta mkwe wake amekaa kwenye kona, juu ya kigoda, akitabasamu. Alitabasamu watu wakicheka. Alitabasamu watu wakigombana. Mwanzoni mama alikuwa akimwendea, akipiga kelele karibu na sikio lake, akimrudishia habari. Baadaye akachoka. Habari ya kusema mara nne inapoteza ladha. Akaanza kumkubalia kwa kichwa tu, kama wengine, na kupita. Kuna siku alimsengenya akiwa mbele yake, na wenzake wakacheka, na yule mzee akacheka nao. Hilo mama hakuwahi kumwambia mtu. Usiku wa kuamkia maziko alilia kuliko watoto wa marehemu, watu wakamsifu kwamba alimpenda mkwe wake.

Sasa binti ana miaka ishirini na sita, na kile kigoda mama alikuwa anakiona kila akifumba macho.

* * *

Kazi ya binti watu wengi hawakuielewa, lakini mama aliielewa kwa njia yake. Binti alitengeneza muziki wa kusindikiza waimbaji. Alicheza kwenye kile kinanda kifupi, na kompyuta ikaandika. Ila haikuandika sauti. Hapo ndipo watu walipopotea. Iliandika maagizo matupu: piga noti hii, sasa hivi, kwa nguvu hii, kisha iachie. Ni sawa na karatasi ya kukatia nguo. Karatasi ina umbo la shati, lakini si shati. Unaweza kuiweka juu ya pamba, juu ya hariri, hata juu ya gunia, na kila mara utapata shati jingine.

Maagizo hayo yalikaa kwenye chaneli, moja mpaka kumi na sita, zimepangwa kwenye kioo kama madirisha ya jengo. Kila chaneli binti aliituma kwenye ala yake: sinthesaiza zilizokaa ndani ya kompyuta, hii ya kuigiza fidla, ile filimbi, nyingine besi, nyingine kengele. Bonyeza kidirisha, orodha inashuka, chagua. Ukiituma chaneli ya filimbi kwenye besi, mashine haikatai. Noti ni zile zile, wimbo ni ule ule, ila kilichokuwa ndege kinakuwa ng'ombe.

Na kwa kuwa kompyuta za kwanza zilikuwa zikizimika bila kuaga, binti alikuwa na daftari. Kila wimbo aliuandikia ukurasa: namba ya chaneli, na mbele yake jina la ala.

Daftari hilo ndilo mama alilolifungua Jumanne mchana, binti alipokwenda kununua sabuni. Hakuwa anatafuta siri. Alikuwa anatafuta kipande cha karatasi cha kuandikia kipimo cha mteja. Akakuta ukurasa wa wimbo wa kwaya ya wauguzi, ule unaofanyiwa kazi wiki nzima. Akaanza kusoma polepole, kidole chini ya kila neno.

Mbele ya namba tatu palikuwa pameandikwa *filimbi*. Pamekatwa kwa kalamu. Pembeni yake pameandikwa *fidla*. Pamekatwa. Pembeni tena, *fidla nene*. Pamekatwa. Mwisho kabisa, kwa herufi zilizokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: *besi*.

Akatazama kumi na moja. *Kengele*, pamekatwa. *Kinanda*, pamekatwa. *Besi*.

Akafunua nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Kila wimbo wa mwaka ule ulikuwa hivyo. Filimbi zote zilikatwa. Kengele zote zilikatwa. Kila kilicholia juu kilihamishwa chini, ngazi kwa ngazi, mpaka kikafika pale binti alipoweza bado kukikamata. Hakuwa anaharibu muziki. Alikuwa anaukimbiza mbele ya masikio yake, na masikio yalikuwa yanakuja nyuma.

Mama alikaa chini.

* * *

Sista alikuwa aje siku ile ile saa tisa. Huyu alikuwa muuguzi wa zahanati, na ndiye aliyeongoza kwaya ya wauguzi. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Jumamosi kwaya yake ilikuwa inakwenda kushindana. Wimbo wa binti alikuwa ameukataa mara mbili.

Mara ya kwanza alisema, "Fundi, huu ni wimbo au tetemeko?"

Mara ya pili hakutania. "Waimbaji wangu wanashindwa kuikamata noti. Filimbi iko wapi? Niliomba filimbi iwaongoze. Nakuja Jumanne, ni mara ya mwisho. Ikiwa hivi hivi, nakwenda studio ya stendi."

Binti alikubali kwa kichwa, na mama hakujua amesikia mangapi katika hayo. Alichojua ni kwamba wateja wengine wanne walikuwa wameshakwenda studio ya stendi, mmoja mmoja, bila kugombana. Kwaya ya wauguzi ilikuwa ya mwisho. Ikiondoka nayo, binti angebaki mbele ya kioo kilichozimwa, na kutoka kwenye kiti kile mpaka kwenye kigoda cha bibi yake ni hatua moja.

Saa nane na robo binti alirudi na sabuni, akachukua ndoo na kwenda kuoga uani.

Mama alingoja mpaka asikie maji. Halafu akainuka, tepu shingoni, akaenda kukaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

Mkono wake ulikijua kipanya kwa kukitazama miaka mitatu. Bonyeza kidirisha, orodha inashuka, chagua. Kwenye daftari alitafuta ukurasa wa zamani, wa wimbo wa kwanza binti aliowahi kuwapa wauguzi, ule uliowafanya wapige vigelegele mlangoni. Ukurasa huo haukuwa na hata neno moja lililokatwa. Ala ni zile zile. Alichotakiwa ni kurudisha kila chaneli kwenye ala yake ya zamani, Sista aje, asikie filimbi, afurahi, aondoke, na binti asijue kitu. Kesho ni siku nyingine.

Mstari wa juu kabisa wa ukurasa ulikuwa na kiduara kidogo, kisha *kinanda*. Kiduara, kwa fundi wa nguo, ni alama ya kifungo. Mama akadhani ni alama ya kichwa cha habari, akauruka. Akaanza na moja. Moja, *fidla*. Akatafuta kidirisha cha kwanza kwenye kioo, akachagua fidla. Mbili, *filimbi*. Kidirisha cha pili, filimbi. Tatu, *besi*, hapo aliridhika, maana kwenye kioo kidirisha cha tatu tayari ni besi. Tisa, *ngoma*. Kumi, *kengele*. Kila jina alilisoma mara mbili. Jasho lilimtiririka kwenye mbavu.

Kupiga wimbo ajaribu hakuthubutu. Mngurumo ungefika uani kupitia sakafu, na sakafu binti alikuwa bado anaisikia.

Akabonyeza pale anapobonyezaga binti kila akimaliza kazi, kidirisha kikauliza swali ambalo hakulielewa, akakubali. Maji ya uani yalinyamaza. Alipoingia binti, amejifunga kanga, mama alikuwa kwenye cherehani anashona mshono uliokwisha kushonwa.

"Mama, umekuwaje? Umelowa."

"Joto," mama alisema, akamtazama usoni ili midomo isomeke.

* * *

Sista alifika saa tisa kasoro, na sare yake ya kazi, na haraka yake.

"Fundi mkubwa, fundi mdogo, hamjambo? Sikai. Nipe wimbo."

"Karibu Sista," alisema binti, mchangamfu kupita kiasi. "Leo utaupenda. Nimeukaza."

"Usiukaze. Ulegeze."

"Ndiyo, nimeukaza vizuri."

Sista alimtupia mama jicho. Mama akainamia sindano.

Binti akaweka kiganja juu ya meza, kama kawaida yake, vidole vimetandazwa, akapiga wimbo.

Kilichotoka mama hakuwahi kukisikia duniani. Chini kabisa besi ilikuwa inaimba sauti ya filimbi, inajivuta kama mtu anayeburuta kabati. Na juu yake zikamwagika kengele. Si kengele za wimbo. Zilikuwa zinapiga mahali pa ngoma, ovyo, bila huruma, kama sanduku la vijiko linaloporomoshwa kwenye ngazi, kisha linapandishwa, kisha linaporomoshwa tena. Zilichoma mpaka kwenye meno. Mteja mmoja aliyekuwa anapita barabarani alisimama, akachungulia, akaenda zake.

Binti alikuwa anatabasamu. Anatikisa kichwa polepole, anafuata besi, macho yamefumba nusu.

Lile tabasamu mama alilijua. Aliliacha kwenye kona ya nyumba nyingine, miaka mingi nyuma.

"Zima," alisema Sista.

Binti alikuwa amempa mgongo. Akaendelea kutikisa kichwa.

"Fundi, nimesema zima."

Hakuna kitu. Hapo Sista akawa mwingine. Haraka yake yote ikamtoka. Akasogea hatua mbili, akasimama nyuma ya kiti, akapitisha mkono wake mwenyewe kwenye kompyuta na kubonyeza kibonye kirefu. Wimbo ukakatika. Binti alipotaka kugeuka, Sista akamshika bega kwa upole, aendelee kutazama mbele. Akafunika mdomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba kalamu:

"Fundi, kuna nyoka mguuni kwako."

Mama alirukia juu ya stuli yake. Mkasi ulianguka, vifungo vikatawanyika sakafuni.

Binti alikaa vile vile, miguu peku imepishana chini ya meza, akisubiri asifiwe.

Alipoachiwa bega akageuka, akamkuta mama yake amesimama juu ya stuli, anatazama chini ya meza, na Sista bado ana mkono mdomoni. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Tabasamu likabaki peke yake usoni, halina mwenyewe.

"Nini?" aliuliza. "Wimbo una nini?"

Akamgeukia mama yake.

"Mama. Inalia vipi?"

Mama alishuka kwenye stuli, akaenda mpaka mbele ya uso wa binti yake, akasema neno moja moja. "Nimegusa mimi. Ulipokuwa unaoga. Nilitaka kurudisha filimbi."

"Umegusa chaneli?"

"Nimegusa."

Binti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikiweka kile kiganja chake mapajani, akakitazama. "Ngoma zilipopotea," alisema, "nilijua ndiyo basi. Jana nilikuwa nazisikia. Nikasema, leo hata ngoma zimekwenda. Nikasema, nicheke tu, Sista asijue." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko chumba, kama ya mtu asiyejua inafika wapi. "Nimekaa hapa nacheka, mama! Nimekaa kama bibi!"

Mama alikuwa hajui kwamba binti anayajua ya bibi. Alikuwa na miaka minne yule mzee alipokufa. Akataka kumshika, binti akausukuma mkono.

"Ulinyamaza! Umejua tangu lini? Unaona kila kitu wewe, unaona mtu kashuka bega, na mimi ukanyamaza!"

"Na wewe ulinyamaza," alisema mama.

"Mimi naogopa!"

"Na mimi je? Mimi jiwe?"

Sista alivuta kiti cha wateja, akakikalia. Alisubiri wote wawili wamalize pumzi. Kisha akamgeukia binti, akakaa uso kwa uso, akasema taratibu bila kupaza sauti:

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Za juu ndizo zilianza?"

Binti alikubali kwa kichwa. "Ndege kwanza. Halafu simu. Halafu filimbi."

"Sitakudanganya, mwanangu. Kilichokwenda huenda kisirudi. Kilichobaki lazima kipimwe, na kipimwe wiki ijayo, si mwezi ujao. Jumatatu saa mbili asubuhi nakupeleka mimi mwenyewe kwa daktari wa masikio." Akatazama saa iliyobanwa kifuani mwake. "Hilo ni la Jumatatu. La leo ni kwamba mazoezi yanaanza saa kumi na moja, na mimi nina watu arobaini hawana wimbo. Nakaa hapa mpaka saa kumi na nusu. Baada ya hapo nakwenda stendi. Sitaki, lakini nitakwenda."

* * *

Binti alilichukua daftari, akaona ukurasa uliokuwa wazi, na akafahamu papo hapo.

"Uliufuata ukurasa huu?"

"Neno kwa neno."

"Hiki ulikiona?" Akaweka kidole juu ya kiduara.

"Alama ya kifungo."

"Hii ni sifuri, mama. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa inaanza kuhesabu kwenye sifuri. Hii ya sasa inaanza kwenye moja. Kila kitu umekikalisha kiti cha jirani."

Mama alishika tepu yake iliyoning'inia shingoni. Tepu ile ilikatika inchi ya kwanza kabla binti hajaanza shule. Mama hakuitupa. Alipimia nayo hivyo hivyo, akianzia kwenye moja na kutoa moja mwishoni, na mtu mwingine yeyote akiigusa humfokea: mwanzo wake haupo, utaniharibia nguo. Miaka ishirini anawafokea watu. Aliicheka ile tepu, kicheko kikavu kisicho na furaha, na binti akamwona, na upande mmoja wa mdomo wake ukainuka kidogo.

"Kaa hapa," alisema binti, akivuta stuli mbele ya kompyuta. "Hapa, nikuone mdomo."

Wakaanza. Binti alizima chaneli zote, akaacha moja. Kinanda kilikuwa rahisi, na besi, hizo alizimudu mwenyewe. Ngoma aliirudisha chaneli ya kumi, akaweka kiganja mezani, na meza ilipompiga akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Zilikuwa bado zipo. Mama aligeuza uso pembeni.

Ikafika chaneli ya tatu.

"Kuna filimbi saba humu," alisema binti. "Mimi zote naona majina tu. Nitazipitisha, wewe sema inalia vipi."

Ya kwanza ikalia. "Kali," alisema mama.

"Kali vipi?"

"Kama... kama sindano mpya kwenye nailoni."

"Hiyo siyo." Ikaja nyingine.

"Hii inapwaya. Kama shati la kuazima."

Sista alitaka kucheka, akajizuia.

"Hii?"

"Hii ina mate. Unasikia mtu analamba midomo."

"Hii?"

Mama alitega sikio. Ilikuwa inatoka mbali kidogo, laini, ina pumzi ndani yake. Aliikumbuka. Ndiyo ile iliyopigiwa vigelegele mlangoni. "Hii," alisema. "Hii ndiyo yenyewe."

"Sauti yake niipandishe?"

"Usipandishe. Ishushe kidogo. Kidogo tena. Hapo. Hapo inasikika bila kumsukuma mtu."

"Mimi sijui hapo ni wapi," alisema binti. "Niambie hapo kwa namba." Akamwonyesha namba kwenye kioo, mama akamsomea, binti akaiandika.

Saa kumi na robo walikuwa wamefika mwisho. Wimbo ukapigwa mzima. Glasi ya maji ilitikisika palipo na ngoma na kutulia palipo na filimbi. Binti hakutazama kioo. Alitazama uso wa mama yake tu, bila kupepesa, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa maandishi madogo.

"Imeingia?"

Mama alianza kukubali kwa kichwa. Akajikamata. Kichwa ndicho alichompa mkwe wake miaka yote ile. Akafungua mdomo. "Imeingia. Imeingia sasa hivi, peke yake. Inapanda. Fidla zinakuja chini yake, zimeibeba. Sasa imekaa, inashikilia noti moja. Bado inashikilia. Imeiachia." Akasema hivyo mpaka mwisho, kila kilichotokea, bila kuruka, na sauti ikamkauka.

"Imeisha," alisema.

"Najua," alisema binti. "Meza imenyamaza."

Sista aliuchukua wimbo kwenye kidude chake cha kuhifadhia nyimbo, akakitia mfukoni. Mlangoni aligeuka, akahakikisha binti anamwona. "Jumatatu. Saa mbili. Usiponikuta nje ya zahanati, ingia ndani uniulizie."

Alipoondoka, chumba kilikuwa kikubwa. Mama aliinama kuokota vifungo. Alifikiri juu ya Jumatatu, na Jumatatu nyingine, na siku ambayo meza nayo itanyamaza, na siku ambayo yeye mwenyewe hatakuwapo kwenye stuli ile, na nani atakayeketi hapo na kusema fidla zimeibeba. Hakuona mtu. Alitafuta kichwani nyumba nzima, ukoo mzima, hakuona mtu.

Alipoinuka, binti alikuwa amefungua ukurasa mpya wa daftari. Amepiga mstari katikati. Upande mmoja ameandika namba na jina la ala. Upande wa pili uko mtupu.

"Njoo, mama. Kabla hujaanza kushona."

"Nini tena? Wimbo si umekwenda?"

"Nataka zote. Filimbi zote saba, kengele zote, kila iliyomo humu. Mimi nazipitisha, wewe unasema, mimi naandika ulivyosema."

"Mimi sijui kusema, mwanangu. Ningekuwa nimesoma, sawa. Nitakwambia shati, nitakwambia sindano."

"Hayo hayo." Binti alishika kalamu. "Ila sema vizuri. Siku moja nitakuwa na haya tu."

Akabonyeza. Filimbi ya kwanza ikalia, ile kali, na binti akainamisha kichwa juu ya karatasi akingoja, halafu akakiinua haraka, akakumbuka kwamba lazima atazame mdomo. Mama alifungua mdomo. Neno halikuja. Filimbi ikalia mpaka mwisho wake, ikanyamaza, na yeye bado analitafuta.

"Rudia," mama alimwambia binti. "Rudia, mama yangu. Nipe tena."